Leza za kulengea kwenye bunduki za kivita: jicho la raia linalindwa na nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki wa nchi. Leza zinazofungwa kwenye bunduki za askari ziwekewe masharti ya kimataifa, au ziachwe kama zilivyo? Mimi nasema ziwekewe.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe, tuchukue AN/PEQ-15 ya jeshi la Marekani. Ni kiboksi cha kuenea kiganjani, kina uzito wa gramu 200 na ushee pamoja na betri yake moja, na hufungwa sehemu ya mbele ya bunduki. Askari akibonyeza, hutoka mwali wa infraredi ambao macho matupu hayauoni kabisa. Yeye aliyevaa miwani ya kuonea usiku anauona kama uzi uliovutwa hadi kwenye shabaha. Hana haja ya kuegemeza shavu kwenye bunduki. Nukta ikitua, anafyatua.

Kwenye kiboksi hicho kuna skrubu ndogo ya buluu. Ikiwa mahali pake, swichi haifiki kwenye nguvu kubwa, ili askari wakiwa mazoezini wasiumizane macho. Ikitolewa, mwali hupanda hadi milliwati 25. Hapa ndipo paniumapo. Mwanga mkali unaoonekana ukikupiga, unafumba macho kabla hujafikiri. Huu hauonekani, kwa hiyo kope hazishtuki, na retina, ule utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, inaweza kuungua mtu akidhani anatazama giza tu.

Marekani wanalijua hilo vizuri. Raia wao akitaka kifaa hicho dukani huuziwa toleo dhaifu, lisilofika hata milliwati 1, kwa sababu mamlaka yao ya chakula na dawa husimamia pia bidhaa za leza. Jeshi lina msamaha wake tangu 1976. Sasa mkulima wa Helmand, Afghanistan, aliyetoka usiku kufungulia maji shambani, doria ikammulika, alikuwa analindwa na sheria ipi?

Najua mtanitajia Itifaki ya Nne kuhusu leza za kupofusha, ile ya mkataba wa Umoja wa Mataifa unaodhibiti baadhi ya silaha za kawaida, iliyopitishwa Vienna Oktoba 1995 na kuanza kutumika 1998. Isomeni tena. Inakataza leza iliyobuniwa mahsusi kumpofusha mtu daima. Upofu unaotokea kama athari ya pembeni ya matumizi halali ya kijeshi, kifungu cha 3 kinauweka nje ya katazo. Kifungu cha 2 kinadai tahadhari zote zinazowezekana, mafunzo yakiwemo, lakini hakitaji nguvu ya mwali wala umbali.

Hoja ya upande wa pili ni nzito, siipuuzi. Askari mwenye leza usiku hupiga anachokilenga, badala ya kumwaga risasi gizani na kuua waliolala. Tena mnakumbuka Machi 4, 2005, Nicola Calipari, afisa wa usalama wa Italia, alivyouawa kwa risasi za askari wa Marekani kwenye kizuizi akielekea uwanja wa ndege wa Baghdad, akiwa anamrudisha mwandishi aliyetoka kutekwa. Mwaka uliofuata Wamarekani walianza kufunga leza za kijani kwenye bunduki huko Iraq, ili dereva aonywe kwa mwanga badala ya risasi. Lakini leza hizo hizo ziliwaumiza macho hata askari wao wenyewe. Kama aliyefundishwa anaumia, dereva wa teksi je?

Na msidhani hili ni la Wamarekani peke yao. Taliban walipoingia Kabul Agosti 2021, miwani ya usiku na bunduki za jeshi la serikali iliyoanguka zilibaki mikononi mwao.

Ninachotaka ni kidogo: itifaki itaje kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa penye makazi ya watu, na skrubu ile ibaki mahali pake doria inapopita kijijini. Mwenye uzoefu wa jeshi humu atueleze: kuna kazi gani ya mita 50, kati ya nyumba na nyumba, ambayo mwali dhaifu hauiwezi?