Tupeane uzoefu: chuma cha pua (stili) kwenye gemu la Dwarf Fortress, malighafi ulizipata wapi?

Jiwe la Msingi
Habari za jioni wakuu. Mchana kuna dogo kaniuliza kwa nini tanuru lake halitoi stili wakati stoo imejaa chuma, nikakumbuka ngome yangu moja ambayo mpaka leo roho inaniuma. Kila mtu aseme ni kitu gani kilimkwamisha na akatokaje.

Mimi nilishuka sehemu nzuri sana, tabaka nene la chokaa ya kutengenezea stili, magnetiti (jiwe lenye chuma) ukipiga sururu mara mbili unakutana nayo, nikajua hapa jeshi litavaa stili kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kumbe chini hakuna makaa ya mawe hata chembe. Tegemeo lote likawa miti ya nje, tunakata tunachoma mkaa, gogo moja mkaa mmoja. Sasa piga hesabu mwenyewe, kwenye tanuru la kawaida ili upate vipande viwili vya stili unakula mikaa minne, miwili inaingia kwenye chuma chenyewe na miwili ya kuwashia moto, hapo bado hujahesabu wa kuyeyushia jiwe mwanzoni wala wa mhunzi. Deraya ya kifua peke yake inataka vipande vitatu! Msitu ukaisha mbele ya geti, ikabidi wakataji waende mbali, na siku magoblini wanakuja kutuzingira wakataji wote walikuwa nje. Nikavuta daraja. Wengine waliwahi, wengine niliwaangalia wakiishia kwenye nyasi. Ndani nina chuma, nina chokaa, nina wahunzi hodari wamekaa kitako, mkaa hakuna. Tukakaa hivyo tumefungiwa mpaka vyakula vikaanza kupungua.

Bint Sururu
Mkaa ndio adui namba moja, siyo magoblini. Nakuunga mkono.

Kaka Lignaiti
Pole sana mkuu. Ila wewe ulikuwa na msitu chini ya miguu yako. Ukishatoboa kwenye mapango ya chini, ile miti ya uyoga inaanza kuota yenyewe popote penye udongo chini ya ardhi, hata chumba ulichochimba mwenyewe kwenye tabaka la udongo. Chimba ukumbi mkubwa uuache wazi, baada ya muda unakata magogo ndani kwa ndani geti limefungwa. Na kama ramani ina makaa ya mawe usichome magogo kabisa, jiwe moja la makaa ya bitumini linatoa koki tisa (koki inatumika badala ya mkaa), makaa ya lignaiti tano.

Jiwe la Msingi
Mapango nilikuwa bado sijayafikia, tabaka la maji lilinizuia.

Mlinzi wa Daraja
Kutoboa mapango ili upate kuni ni kumkaribisha mgeni usiyemjua. Wale wanyama wa kale wanaopanda kutoka chini, mmoja anatema moto mwingine vumbi la sumu, utawazuia na nini wakati stili yenyewe huna? Mimi nasema shuka moja kwa moja mpaka kwenye magma, yale mawe yaliyoyeyuka huko chini, weka tanuru za magma, kuni za kuwashia unazisahau. Unabaki na mikaa miwili tu kwa vipande viwili, ile inayoingia kwenye chuma.

Kaka Lignaiti
Na kwenye magma unafikaje bila kupita mapangoni? 😀

Mlinzi wa Daraja
Unapita na ngazi umeijengea ukuta pande zote. Nimefanya, siongei nadharia.

Mama Nyundo
Jamani ngojeni niseme yangu maana nikisoma hapa mikono inatetemeka. Ngome yangu ilikuwa juu ya bazalti na chini yake granaiti. Hematiti, jiwe jingine la chuma, ipo kibao. Chokaa hakuna, dolomaiti hakuna, marumaru hakuna, yaani jiwe la flaksi (la kusafishia chuma tanuruni) hata moja la kupoza roho hakuna ramani nzima. Kwa hiyo chuma cha kawaida nilikuwa nacho cha kutosha, stili hapana, na bila flaksi hata hatua ya kwanza ya chuma ghafi huipati, acha hiyo ya pili ya kuchanganya chuma ghafi na chuma safi.

Basi fundi wangu wa deraya, mtu mpole, baba wa watoto watatu, akashikwa na ule wazimu wa ubunifu, ambao mtu asipopata vifaa anavyodai anarukwa na akili. Akafukuza wenzake karakanani, akakaa. Anadai vipande vya metali vinavyong'aa. Stoo ina chuma, ina shaba, ina fedha, na njia haijazibwa, hataki. Nikaenda kusoma anapenda nini, nikakuta stili. Moyo ukafa ganzi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nikajipa moyo kwamba msafara wa biashara wa madwafu (mbilikimo) wenzetu unakuja majira ya vuli na huwa wanabeba silaha za stili, nitanunua hata mashoka niyayeyushe. Nikaandaa vikombe vya mawe na vito vya kutosha kununua gari zima.

Msafara ukafika kweli. Ukatokeza pembeni ya ramani, na magoblini wakatokea palepale walipojificha. Nilituma kikosi mbio, walipofika punda wamekufa, gari limevunjika, mizigo imetapakaa. Tukaokota tulichookota, shoka moja la stili na kofia, nikawasha kuyeyusha. Kitu kimoja hakikupi kipande kizima, kinakupa sehemu sehemu mpaka zikutane. Vikakosa kutosha. Nikaona jina lake limebadilika rangi, akatoka karakanani na nyundo yake, na aliyekuwa mlangoni ni mke wake amembeba mtoto mchanga.

Sijaifungua ile ngome tena.

Bint Sururu
Mama Nyundo 😭😭 mtoto alipona?

Fundi Kisima
Mbona hukumjengea ukuta? Akianza tu wazimu na huna anachotaka, unamzungushia ukuta kabla hajaharibikiwa. Ndio utaratibu.

Mama Nyundo
Mtoto alipona, alilelewa na dada yake mkubwa. Na kuhusu ukuta, msafara ulikuwa njiani, ningemfungiaje mtu mwenye matumaini?

Fundi Kisima
Matumaini hayayeyuki kwenye tanuru dada.

Bint Sururu
Fundi Kisima punguza ukali, mwenzio amefiwa.

Rwamishenye
Poleni. Mimi nataka kusema kitu tofauti kidogo. Mnaongea kana kwamba bila flaksi na koki stili haiwezekani. Kwetu Kagera Wahaya walifua chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, watafiti Schmidt na Avery waliandika mwaka 1978 kwenye jarida la Science. Tanuru la udongo wa kichuguu, shimo limejazwa matete yaliyochomwa, mivukuto, na mirija ya udongo inaingia ndani kabisa ya tanuru ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Hatua moja. Gemu limefuata njia ya Ulaya tu na mimi hilo linanikera kila nikifungua.

Kaka Lignaiti
Heshima kwa wazee, lakini gemu linakwenda na kanuni zake na ukizifikiria zina akili. Chuma ghafi kina kaboni nyingi mno, chuma safi karibu hakina, ukichanganya unapata katikati. Hiyo ndiyo stili.

Rwamishenye
Sijasema hazina akili. Nimesema siyo njia pekee. Faili za gemu ziko wazi, mtu anaweza kuandika kanuni yake ya tanuru la Kihaya, nimeanza kuiandika.

Mlinzi wa Daraja
Ukimaliza iweke hapa, naijaribu siku hiyohiyo.

Mchuuzi
Turudi kwenye mada. Kwa asiye na flaksi, njia ni biashara. Mjumbe anayekuja na msafara wa vuli anakuuliza unataka waje na nini mwaka ujao, omba chokaa, omba makaa, pandisha kipaumbele mpaka juu. Watakutoza zaidi lakini wanaleta. Na vitu vya kuyeyusha viyeyushe kwenye tanuru moja lilelile, kila tanuru linatunza akiba yake, ukitawanya unabaki na nusu nusu kila mahali.

Pepo wa Bazalti
Au achaneni na stili. Shaba na bati unapata shaba nyeusi, haitaki flaksi, na haipishani sana na chuma cha kawaida.

Fundi Kisima
Mpaka siku ukutane na jitu lenyewe la shaba nyeusi getini.

Bint Sururu
Mimi chuma changu kingi nakivua kwenye maiti za magoblini. Wakija wengi ndio navuna.

Jiwe la Msingi
Mchuuzi hiyo ya tanuru moja nimeandika pembeni. Mama Nyundo, ukiwa tayari ifungue ile ngome, wale watoto watatu bado wapo na wanahitaji mtu wa kuwaangalia. Kwa wanaoanza upya, kwenye kutafuta sehemu ya kushukia kuna kichujio cha jiwe la flaksi, kiwasheni kabla ya kingine chochote.

Mama Nyundo
Nitaifungua Jumamosi. Mjumbe atakuja, nitaomba chokaa.