Mrejesho: Niliyeuliza kuhusu kanga zinazobanduka kwenye picha

Assalam aleykum ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeuliza kabla ya Ramadhani kama mtu aliyezoea Tingatinga, ile michoro ya wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa, anaweza kuhamia sanaa dhahania, isiyochora vitu kama vilivyo, tena ya kubandika vitu, na kwa nini vipande vyangu vya kanga vinabanduka.

Aliyeniambia tatizo ni rangi ya mafuta iliyo chini, Mungu amlipe kheri. Gundi nyeupe ni ya maji, haishiki juu ya rangi ile inayong'aa. Nimepiga msasa mpaka mng'ao ukaisha, nikabandika upya, imeshika. Chokaa ninayopaka juu nayo ilikuwa ikipasuka kwenye kanvasi kwa sababu kitambaa kinacheza. Kwenye plaiwudi imetulia.

Sasa kazi moja iko ukutani hapa Mji Mkongwe. Haina mashua, haina Mmasai. Nimebandika ukili wa mkeka uliochakaa wa marehemu bibi, nikaupaka chokaa, kisha nikaikwangua kwa kisu hadi zambarau ya ukili ikachungulia, kama kuta zetu zinavyomenyeka baada ya masika. Mama alipapasa pembeni, akasema, "Huu si mkeka wa mamaangu?" Wala sikuwa nimemwambia.

Watalii bado wanaulizia pundamilia. Pundamilia nawachora asubuhi, kodi ilipwe. Jioni ni ya plaiwudi.