Likizo ya boti ya matanga mwezi wa 8: tulilipia bahari, tukapewa foleni

Wakuu, nimerudi jana, hasira bado mbichi, mnivumilie.

Wiki moja, watu sita, boti ya matanga, Bahari ya Aegean (kati ya Ugiriki na Uturuki). Kampuni siitaji, wanajijua. Kabla ya kulipa nilimuuliza dada wa mauzo swali moja: jioni tutakuwa tunalala wapi? "Popote kaka, visiwa vipo tele." Visiwa vipo tele kweli. Nafasi ya kufunga boti ndiyo hakuna! Msimu huu bandari ndogo zinajaa kuanzia saa nane mchana. Sisi siku ya kwanza tuliingia saa kumi na mbili jioni, tunaimba. Boti zimebanana ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa gati, na kila katamarani (boti pana yenye viunzi viwili) imekula nafasi ya mbili.

Tukatoka, tukatia nanga nje kwenye kina cha mita 10. Nahodha wetu ni shemeji yangu, ana cheti (cheti chenyewe sijawahi kukiona, ila tuyaache). Akashusha mnyororo mita 25 tu, anaogopa kuwasogelea majirani. Saa tisa usiku nanga ikaanza kukokota. Kwa upepo ule ilitakiwa mita 50 au zaidi, na kwa mita 50 pale tungezunguka na kugonga watu. Hakuna aliyelala.

Hayo ningesamehe. Nisichosamehe ni ratiba. Waliichora wao, kwa kalamu yao, kwenye ramani yao: siku tatu kwenda kusini, siku tatu kurudi. Upepo wa kule unaitwa Meltemi, unatoka kaskazini, Julai na Agosti ndio wakati wake, na ukishika unaweza kwenda siku kadhaa huku mbingu ni nyeupe, hakuna hata wingu la kukushtua. Kwenda, upepo mgongoni, raha tupu. Kurudi ukawa usoni, nguvu ya 7 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, yaani noti (maili za baharini kwa saa) 28 hadi 33. Kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, saa nne nzima, watoto wanatapika, kisiwa tulichokiacha bado kinatuangalia. Tukarudi bandarini. Siku mbili tumefungwa pale. Nikawapigia, wakasema tusithubutu kutoka. Sasa kama mlijua, mbona mlitutuma kusini?

Na hiyo "wiki" nayo ihesabuni wenyewe. Boti unakabidhiwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ijumaa jioni uwe umerudi kituoni, tena baada ya foleni ya mafuta, maana boti zote zinarudi siku hiyo hiyo. Jumamosi saa tatu asubuhi uwe umeshusha mizigo. Toa na zile siku mbili, halafu niambie kimebaki nini.

Mwenye mpango wa kwenda, nenda Juni mwanzoni au Septemba mwishoni. Kama ni lazima Agosti, anza kupanda kaskazini ungali na siku mkononi, na saa saba mchana uwe umeshafunga kamba.

Jana wamekata dhamana yangu kwa sababu ya boya moja la ubavuni lililopotea. Kuhusu ratiba, wamenijibu kwamba upepo ni wa Mungu. Picha za ile ramani ninazo. Aliyewahi kurudishiwa hela yake na watu wa aina hii, aje aniambie aliwabana vipi.