Kiungulia sugu na henia ya kiwambo: nikubali Nissen au Toupet?

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina miaka 43, dereva wa basi la mikoani. Mwaka wa sita huu natembea na omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, mfukoni. Usiku ndiyo balaa: nashtuka saa tisa maji makali yamepanda mpaka puani, nakohoa hadi watoto wanaamka. Kitanda nimekiinua upande wa kichwani kwa matofali mawili, pilipili nimeacha, bado. Miaka yote naambiwa ni vidonda vya tumbo. Mwezi uliopita ndipo nikapigwa kipimo cha kamera: sehemu ya juu ya mfuko wa chakula imepanda kifuani sentimita 4, na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umechubuka.

Daktari anashauri upasuaji wa matundu madogo. Mfuko unashushwa, uwazi wa kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, unashonwa ubane, kisha sehemu ya juu ya mfuko inazungushiwa umio kama kola ya shati. Ikizunguka yote ni Nissen, ikizunguka robo tatu ni Toupet. Kaniambia nichague. Nachagua vipi jamani? Na ni kweli mtu hatapiki tena?

Mama Neema
Pole sana kaka yangu. Mimi nilifanyiwa Nissen 2019. Wiki mbili za mwanzo ni uji mwepesi na supu ya kuchuja. Wiki ya tatu nikajitia nimepona, nikameza tonge la ugali. Likakwama hapa katikati ya kifua, halishuki wala halirudi, nimeshika sinki jasho linanitiririka, mate yanajaa mdomoni. Lilishuka lenyewe baadaye, ila niliogopa. Mwezi wa pili nikawa nakula kila kitu, polepole. Kutapika ni shida kweli, na kubeua pia, kwa hiyo tumbo hujaa gesi, soda nimeziaga. Lakini nalala chali kaka, usiku kucha! Nilikuwa nimesahau usingizi huo.

Tabibu wa Zamu
Mkuu, umepimwa nguvu ya umio? Mpira mwembamba unapitishwa puani, unameza maji kidogo kidogo, mashine inasoma jinsi umio unavyosukuma. Usikubali kisu bila kipimo hicho. Umio ukiwa dhaifu, ukifungwa pande zote chakula kitakwama, hapo Toupet ndiyo salama zaidi. Tena kuna ugonjwa wa akalasia, mlango wa chini wa umio haufunguki, na mgonjwa analalamika kiungulia hivi hivi. Huyo ukimfanyia Nissen umemuumiza.

Nissen ni ya tangu miaka ya 1950, na ya matundu madogo ilianza 1991, si majaribio. Zote mbili huzuia tindikali vizuri, ila Toupet ina gesi na kukwama kidogo kuliko mwenzake. Uzito wako je? Kwa mnene sana, upasuaji wa kuunganisha mfuko mdogo na utumbo hutibu unene na kiungulia, lakini ule wa kukata mfuko ubaki kama mrija unaweza kuzidisha kiungulia. Na dawa unakunywa saa ngapi? Ni nusu saa kabla ya kula.

Kijana wa Kigamboni
Kaka, mizigo ya abiria usiiguse wiki sita. Mimi nilibeba gunia mapema, henia ikarudi, nikarudishwa mezani.

Mwenye uzi
Daktari, dawa nilikuwa nakunywa nikishakula, wakati wa kulala! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na kipimo hicho sijapimwa. Leo asubuhi nimeomba tarehe ya upasuaji isogezwe mbele na niandikiwe rufaa ya kukifanya. Mama Neema, huo mpira wa puani unauma?

Mama Neema
Unakera ukipita kooni, macho yanatoa machozi, basi. Nenda hujala, na mwombe nesi akuelekeze lini umeze.