Wazazi wanataka kulala hemani Serengeti kwa miaka 40 ya ndoa yao: tuchague mwezi gani na kambi ya namna gani?

KitindaMimba

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mwakani wazazi wetu watatimiza miaka 40 ya ndoa, nasi watoto watano tumekuwa tukichanga kidogo kidogo tangu mwaka juzi ili tuwape zawadi ambayo hawataisahau. Baba ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ana miaka 71, na kwa zaidi ya miaka 30 amewachorea watoto wa watu ramani ya Serengeti ubaoni kwa chaki, lakini yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Tulipomuuliza anataka nini, hakufikiri mara mbili: alisema anataka kulala hemani na kumsikia simba usiku. Hoteli ya ukuta hataki kuisikia.

Tumeamua iwe kambi nzuri ya mahema, ile ya kifahari hasa, usiku tatu, ili wapumzike kama wageni wengine wanavyopumzika. Yanayonisumbua ni haya. Mama ana miaka 67 na magoti yake ni mabovu, tena huamka mara mbili au tatu usiku kwenda haja, naye ameshasema waziwazi kwamba hatatoka nje ya hema gizani hata kwa dawa. Baba anatumia insulini, nayo inahitaji ubaridi. Kaka yetu mkubwa anashikilia kwamba ni lazima iwe Agosti, kwa sababu ndipo nyumbu wanapovuka Mto Mara, na asiyeona hilo, kwa maneno yake, hajaiona Serengeti. Pia ningependa kujua kwa uaminifu kama wenyeji kama sisi tunapokelewa sawasawa katika kambi hizi, maana sitaki wazazi wangu wajihisi wamepotea njia siku ya sherehe yao.


Dereva Kiongozi

Dada KitindaMimba, hongereni sana kwa jambo mnalolifanya. Nimewaendesha wageni katika ukanda wa kaskazini kwa miaka 17, na ushauri wangu ni kwamba mwezi na mahali vitangulie, jina la kambi lifuate. Kambi nzuri iliyo mahali pasipo na wanyama mwezi huo itawapa shuka laini na chakula kitamu, lakini mzee hatapata alichokitaka.

Nyumbu hawakai mahali pamoja. Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi wako kusini, katika tambarare za Ndutu. Mei na Juni huelekea magharibi upande wa Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini karibu na Mto Mara, upande wa Kogatende. Novemba huanza kurudi. Kambi nyingi za mahema huwafuata. Zile za msimu hujengwa Ndutu wakati wa kiangazi kifupi, kisha zinafunguliwa, turubai na vitanda vinapakiwa kwenye malori, na zinasimamishwa tena Kogatende. Kwa hiyo msishangae kuona jina lilelile la kambi likiwa mahali pawili tofauti.

Kaka yenu hajakosea kuhusu Agosti, lakini mfikirieni mama. Kuvuka mto hakuna ratiba. Unaweza kukaa ndani ya gari kando ya mto kwa muda wa saa nne au tano, jua linawaka, nyumbu wanakusanyika ukingoni, wanashuka, wanashtuka, wanarudi walikotoka. Mwenye magoti mabovu akikaa hivyo bila kunyoosha miguu atateseka, na huruhusiwi kushuka popote unapotaka. Zaidi ya hayo, kutoka Arusha hadi Kogatende kwa gari ni safari ya siku nzima au zaidi, na lami huwaaga pale lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Baada ya hapo ni vumbi na barabara yenye mawimbi yanayotikisa kila kiungo cha mwili. Mkiamua kaskazini, wapandisheni ndege ndogo kutoka Arusha na mkumbuke kwamba mzigo ni kilo 15 kwa mtu, katika begi laini lisilo na magurudumu.

Mimi ningewapeleka wazee hawa Ndutu mwezi Februari. Huo ndio wakati wa kuzaa. Ndama wanazaliwa kwa maelfu ndani ya wiki chache, na utamwona mmoja akianguka chini akiwa bado na unyevu, anajaribu miguu, anaanguka, anajaribu tena, na baada ya dakika chache anatembea nyuma ya mama yake. Simba na duma wanajua msimu huo kuliko sisi, kwa hiyo mzee atasikia anachotaka kusikia. Tena, kwa kuwa Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, gari linaruhusiwa kuacha njia kwa uangalifu na kuwasogelea wanyama, jambo ambalo ndani ya Serengeti yenyewe ni kosa. Mama ataona kila kitu akiwa ameketi.

Na kwa mwalimu wa jiografia kuna la ziada. Ile tambarare ya nyasi fupi imetokana na majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai na milima jirani, ambayo yamefanya tabaka gumu chini ya udongo kiasi kwamba mizizi ya miti haipenyi. Nyasi zake zina madini ambayo nyumbu wanaonyonyesha wanayahitaji, ndiyo maana wanazalia pale. Mwombeni dereva wenu asimame asubuhi mahali pa wazi, mkielekea mashariki iliko Lengai, halafu mwacheni mzee awafundishe somo hilo mbele ya kitu chenyewe.

Kuhusu malipo: Ndutu mnalipa Mamlaka ya Ngorongoro, na mkivuka lango la Naabi kuingia Serengeti mnalipa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Raia hulipa kwa shilingi, na ada hiyo haikaribiani hata kidogo na ile ya mgeni, kwa hiyo kila mtu awe na kitambulisho chake cha NIDA mkononi. Kambi nazo zina bei ya raia na wakazi, lakini mara nyingi hawakutajii mpaka uulize. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingi hufunga, na zinazobaki wazi hushusha bei sana; lakini kwa wazee wenu sishauri miezi hiyo, kwa sababu gari likinasa kwenye udongo mweusi watakaa porini mpaka jioni.


Mama Wawili

Mwanangu KitindaMimba, marahaba. Nimekuwa mhudumu wa mahema kwa misimu sita kabla ya kurudi nyumbani kulea, kwa hiyo nitajibu yale ya ndani ya hema, ambayo ndiyo yanayomtia mama hofu.

Mwambie mama kwamba choo kimo ndani ya hema. Katika kambi za daraja hilo, nyuma ya kitanda kuna pazia au mlango wa turubai, na nyuma yake kuna choo cha kuvuta maji, sinki na bafu. Usiku hatafungua zipu ya nje kwa sababu yoyote. Akihitaji msaada kuna redio ya mkononi au filimbi pembeni ya kitanda, na siku ya kwanza mhudumu ataonyesha namna ya kuitumia; mama aijaribu palepale mchana, asisubiri usiku.

Maji ya kuoga katika kambi za msimu ni ya ndoo. Wanaoga saa ngapi, hilo mnasema mapema. Mhudumu anachemsha maji kwa kuni au gesi, anayabeba ndoo ya lita 20, anayamimina katika mfuko ulioning'inizwa nyuma ya hema, kisha anaita kutoka nje, "Maji tayari, mama." Ndani unavuta mnyororo na maji yanashuka. Lita 20 zinatosha kabisa ukifunga maji wakati wa kujipaka sabuni, na ukihitaji zaidi unaita tu, mtu yuko pale nje anasubiri. Nimebeba ndoo hizo miaka mingi, na sijawahi kuona ugumu kumwongezea mzee maji.

Kuhusu hofu ya turubai: mnyama analiona hema kama kitu kizima, kama jiwe au kichuguu, madhali zipu zimefungwa na ndani hakuna chakula. Hatari ninayoijua ni ya biskuti, ndizi na karanga zilizofichwa kwenye begi. Tumbili anafungua zipu vizuri kuliko mtoto, na nyegere akisikia harufu hatakubali kushindwa. Chochote cha kula kikabidhiwe jikoni. Giza likishaingia hakuna mgeni anayetembea peke yake, hata hatua kumi. Askari huja na tochi, anamulika vichaka kushoto na kulia akitafuta macho yanayong'aa, na akikuambia simama, unasimama bila kuuliza. Niliwahi kusimama nyuma ya askari kwa dakika zisizopungua 20, trei ya chai mkononi, kwa sababu nyati dume mzee alikuwa akila majani katikati ya njia. Tulingoja mpaka akaondoka mwenyewe.

Insulini ya baba ikae kwenye friji la jikoni, nayo mumkabidhi meneja wa kambi mkononi siku ya kufika, ikiwa na jina lake. Mahema yanatumia umeme wa jua ambao unatosha taa na kuchaji simu tu. Chakula huletwa kwa gari kutoka Arusha kwa awamu, kwa hiyo habari ya kisukari waipate wiki mbili kabla. Ukimwambia mpishi siku ya kufika atajitahidi, lakini atakuwa anajitahidi kwa alichonacho.


Mjukuu wa Butiama

Dada yangu, uliuliza kwa uaminifu kuhusu mapokezi, nami nitakujibu kwa uaminifu huohuo. Miaka mitatu iliyopita niliwapeleka wazazi wangu kwenye kambi moja ya upande wa magharibi, tukaingilia lango la Ndabaka. Tulipofika, wageni waliotutangulia walipewa vitambaa vya kufutia vumbi na juisi ya ukwaju. Sisi tuliulizwa kama ni madereva, na kuelekezwa upande wa nyumba za madereva. Baba alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Sitasahau jinsi alivyonitazama. Hema tulilopewa lilikuwa la mwisho kabisa, nikahesabu hatua 260 hadi kwenye hema la chakula, na mama alizitembea kila jioni akiwa amenishika bega.

Nililisema jambo hilo kwa meneja usiku uleule, kwa heshima lakini bila kuficha, naye aliomba radhi na asubuhi tukahamishwa. Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Mpishi alikuja mwenyewe mezani kumuuliza baba angependa nini, na jioni ikaja sahani ya ugali wa mtama na mlenda katikati ya vyakula vile vya majina marefu; baba alikula mpaka akamwita mpishi amshike mkono. Wafanyakazi walimzoea wakawa wanamwamkia kila asubuhi, na yule askari wa usiku akawa anakaa naye kando ya moto wakisimuliana habari za mifugo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wenyeji hawapokelewi vizuri. Nasema kwamba msiache jambo hilo kwa bahati. Andikeni mapema kwamba wanaokuja ni wazazi wenu, Watanzania, wanaadhimisha miaka 40 ya ndoa, na kwamba mnaomba hema la karibu na la chakula, lisilo na ngazi.

Jambo jingine dogo: magharibi na penye miti kuna mbung'o, nao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Mama aliumwa sana kwa sababu ya kanga yake ya buluu. Rangi za udongo ni salama zaidi.


KitindaMimba

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimemsomea mama maelezo ya choo na ya ndoo kwa simu, akacheka, akauliza kama huyo mhudumu akiwa nje anasikia mtu akiimba bafuni. Kaka naye amekubali Februari baada ya kusikia habari za Lengai, kwa sababu anamjua baba. Swali la mwisho kwa Dereva Kiongozi: tukilala Ndutu usiku zote tatu, ni vibaya kuwapeleka pia Seronera, katikati ya Serengeti, siku moja?


Dereva Kiongozi

Si vibaya, ila mtalipa kibali cha TANAPA kwa siku hiyo, na mama atakaa garini karibu kutwa, kwenda na kurudi. Ningefanya hivi: siku ya pili mwende hadi Naabi tu, mlango wenyewe wa ile Serengeti ambayo mzee ameichora ubaoni. Pale pana kilima kidogo chenye njia ya miguu. Mzee apande taratibu, mama abaki chini kwenye kivuli na chai. Akiwa juu ataiona tambarare yote upande wa kusini, na kama mvua imenyesha vizuri itakuwa nyeusi kwa nyumbu. Vaeni makoti, maana mtatoka kambini saa kumi na mbili asubuhi na baridi ya kule Februari si ya mchezo.