Mjadala: Mandhari za ajabu zifungwe, au idadi ya wageni ipunguzwe?

Mada: Sehemu kama The Wave (Arizona, Marekani), Pamukkale (Uturuki) na chemchemi za maji moto za Yellowstone (Marekani) zinachakazwa na wageni. Zifungwe?

Mchanga: Kufunga ni kupita kiasi. Dhibitini idadi. The Wave ni jiwe la mchanga. Kingo zake nyembamba humeguka chini ya kiatu, na zikishameguka hakuna wa kuzirudisha. Vibali hutolewa kwa bahati nasibu. Mwaka 2021 kiwango kilipandishwa kutoka watu 20 hadi 64 kwa siku, na hapo ndipo walipokosea.

Chokaa: Idadi peke yake si dawa. Pamukkale ni matuta meupe ya chokaa. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 35 hivi, yamejaa kalsiamu. Kaboni daioksaidi ikitoka, chokaa huganda: kwanza laini kama uji mzito, baadaye jiwe. Ikikanyagwa kabla haijakomaa, imeharibika, ndiyo maana wageni huvua viatu. Lakini pigo kubwa halikutoka kwa watembeaji. Hoteli zilizojengwa juu kabisa zilivuta maji hayo kwenye mabwawa yao, matuta yakakauka na kupoteza weupe. Ilibidi zibomolewe. Sasa maji huelekezwa kwa zamu, tuta hili kisha lile, kwa sababu yakipita mahali pamoja mfululizo mwani huota.

Mvuke: Na msinijibu kwamba njia za mbao za kupitisha wageni kando ya chemchemi zinatosha. Zinazuia miguu, hazizuii mikono! Morning Glory, chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, ilikuwa buluu. Watu wakatupia sarafu na takataka, tundu la chini likaziba kiasi, joto likashuka, na vijiumbe vya rangi ya njano na chungwa vinavyopenda maji yasiyo moto sana vikasogea kuelekea katikati.

Mchanga: Hilo nakubali. Bado sioni sababu ya kufunga moja kwa moja.

Tope: Kuna kufunga kwa muda. Racetrack Playa, uwanda wa tope lililokauka huko Death Valley (Marekani), ambako mawe huteleza yakisukumwa na vipande vyembamba vya barafu na upepo, uwanda ukiwa mkavu unabeba mtu bila shida. Ukilowa, nyayo moja hubaki kwa miaka. Kigezo kiwe unyevu wa udongo, si kalenda wala kura.

Mchanga: Na nani atapima unyevu huo kila asubuhi, mwisho wa barabara mbovu isiyo na mlinzi?

Tope: Hahitaji kupima. Kama kiatu kinaacha alama ukingoni, geuka.

Chokaa: Atakayegeuka ni yule ambaye hata bila tangazo asingeharibu. Wekeni kizuizi barabarani.