Penye taa zinazowaka, trafiki aongoze magari kwa mkono au aziache taa zifanye kazi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja inayomgusa kila anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazi ya saa mbili. Jiji letu la Dar es Salaam lilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikatupata 5,383,728. Katika kipindi hichohicho tumejenga: Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, Kijazi pale Ubungo 2021, Tanzanite 2022. Foleni imehama tu kwenda kwenye mataa yanayofuata.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Taa zikiwa nzima na zinawaka, askari asizipuuze na kushika upande mmoja kwa mkono. Kazi yake iwe kuzuia wanaoziba makutano, kuondoa gari lililokufa katikati ya njia, kushughulikia ajali na kupitisha gari la wagonjwa.

Sababu ni hesabu. Taa ikishika kijani, dereva wa mbele anapoteza sekunde chache kuondoka, halafu kila njia inapitisha gari moja kwa takriban sekunde mbili. Kwa dakika nzima ni magari kama 28. Sasa tuseme upande wako umeshikwa dakika 10, na kila njia inapokea magari 10 kwa dakika. Hayo ni magari 100 yamesimama, kila moja linakula kama mita 7 ukijumlisha nafasi ya mbele yake. Foleni imefika mita 700. Ni makutano mangapi ya mjini yaliyoachana mita 700? Mkia unafika kwenye makutano ya nyuma na kuwazibia watu wanaokatiza, ambao hawakuwa na safari ya kuja upande wako kabisa. Nao wanajaza barabara yao mpaka mataa mengine. Askari wa kule mbele hana namna ya kuliona hilo. Anaona foleni iliyo mbele ya macho yake, anaimaliza, na kwa kipimo hicho amefanya kazi nzuri.

Mimi naona kipimo ndicho kimetuponza. Naomba michango.

Dereva wa Gongo la Mboto – Simu 2000

Napinga hoja. Kaka, mimi naendesha daladala, napita Tazara, Buguruni, Tabata mpaka Ubungo kila siku ya Mungu, na nina hesabu ya bosi jioni. Taa nyingi tulizonazo zimepangiwa muda mmoja, asubuhi na usiku wa manane ni vilevile. Zinawasha kijani upande usio na hata bodaboda, huku sisi tuliojaza abiria mpaka mlangoni tunaangalia nyekundu. Trafiki angalau ana macho. Akiona upande ule mtupu, anatuita.

Halafu umeme. Ukikatika, taa zimezima, kila mtu anajifanya ana haki ya kupita, wanachomekea kutoka pande zote nne. Dakika tano tu pamefungana, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Unataka askari awe amekwenda wapi?

Mleta mada

Kaka dereva, umeme ukikatika askari anaingia katikati, hilo sina ubishi nalo. Nimesema penye taa zinazowaka. Na taa ya muda mmoja ni taa iliyotelekezwa. Dawa yake ni kupangiwa upya kwa saa za siku, na bora zaidi kuwekewa vitambuzi vinavyohesabu magari chini ya lami. Sydney walianza mfumo wa namna hiyo tangu miaka ya 1970. Tukisema taa zetu ni mbovu kwa hiyo tumwachie askari, hakuna mtu atakayeona haja ya kuzirekebisha.

Askari mstaafu

Nimesimama barabarani miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba nisikilizwe kwa utulivu. Vijana mnadhani tunashika magari kwa ukaidi. Kila unapobadilisha upande kuna muda unakufa: hawa wanamalizia kupita, wale hawajaondoa breki. Ukibadilisha kila dakika moja kwenye makutano ya pande nne, muda mwingi unaishia kwenye kubadilisha. Ndiyo maana askari anaacha upande mmoja umwagike kwanza. Na agizo likija kwamba msafara wa kiongozi unapita, barabara inafungwa, kisha lundo lote lile ni lako wewe uliyesimama juani. Taa haijui kuna msafara. Haijui kuna mama mjamzito ndani ya teksi anapiga honi.

Mleta mada

Shikamoo afande. Hili la muda unaokufa ni la kweli kabisa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa. Mwingereza Webster, mtafiti wa taa za barabarani, aliliandikia kanuni mwaka 1958. Naomba tulipigie hesabu pamoja.

Tuchukue sekunde 4 zinazokufa kila ukibadilisha upande. Pande nne, sekunde 16 kwa mzunguko, yaani mpaka kila upande upate zamu yake. Mzunguko wa sekunde 60 unapoteza zaidi ya robo, hapo una haki. Mzunguko wa dakika 2 unapoteza asilimia 13. Ukienda dakika 10 unapoteza karibu asilimia 3. Kwa hiyo kutoka dakika 2 hadi 10 umeokoa asilimia 10 hivi ya muda, na gharama yake ni foleni ndefu kama ile inayoziba makutano ya nyuma, ambako sasa hata kijani kikiwaka hakuna pa kwenda. Pia kuna hasara nyingine. Lundo likishaisha, magari yanaanza kupita kwa mapengo, moja leo moja kesho, huku pande tatu zimeganda. Dakika za mwisho za kuachia upande mmoja muda mrefu hupitisha magari machache kuliko za mwanzo.

Msafara ni suala la ratiba na mawasiliano, nalo linastahili mjadala wake.

Mama wa Tabata

Mnahesabu magari tu, na sisi tunaotembea? Taa ina mtu wa kijani. Mkono wa trafiki hauna. Upande ukiachiwa dakika nane mfululizo, mwanafunzi wa darasa la pili anavukaje? Anasubiri weee, mwishoni anakimbia katikati ya pikipiki zinazotanua pembeni ya foleni. Mimi mwanangu namvusha mwenyewe kila asubuhi kwa sababu hiyo, ndipo niende sokoni. Yule wa jirani anavuka peke yake. Namuunga mkono mleta mada, ila hesabu yake aiongezee miguu.

Mleta mada

Dada, umenisaidia kulisema vizuri kuliko nilivyolileta. Tupime watu. Daladala aina ya Coaster yenye watu 30 na zaidi na gari dogo la mtu mmoja, kwenye kuhesabu magari ni moja na moja. Ukihesabu watu, picha inageuka. Kwa kipimo hicho, mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) iliyoanza 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco ilistahili njia yake peke yake, hata kama mwenye gari binafsi anaiona njia hiyo tupu muda mwingi. Basi refu moja lililojaa ni watu zaidi ya mia.

Mdau wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Kwetu polisi anasimama chini ya taa inayowaka, na madereva wa matatu wamezoea kumwangalia yeye tu. Taa ni kama pambo. Tulipata barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikafunguliwa 2022. Mwenye pesa anapita haraka mpaka mahali pa kushukia, hapo anakutana na jam ileile ya chini. Mimi nasema shida kubwa ni mazoea. Dereva akishajua taa haina nguvu, hata usiku askari akiwa ameenda nyumbani haiheshimu. Mtachukua muda kumrudisha.

Dereva wa transiti

Wakuu, nimeshusha mzigo Lubumbashi mara kadhaa. Congo waliweka roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi mwanamke Thérèse Izay Kirongozi. Zilianzia Kinshasa 2013, kisha zikafika Lubumbashi. Zilitengenezwa zitumie sola na ziwe na kamera. Sijasema tuzinunue. Ninachosema, lile la umeme kukatika si kisingizio, sola ipo. Na kamera inamkamata anayepita nyekundu bila kubishana naye dirishani.

Dereva wa Gongo la Mboto – Simu 2000

Mkuu wa transiti kanigusa kwenye umeme. Lakini mleta mada bado hajaniambia nitajuaje kama mpango wake umefanikiwa. Leo akisema foleni imepungua, mimi nitaonaje?

Mleta mada

Swali zuri kaka. Napendekeza tujaribu kwanza Barabara ya Mandela, Ubungo hadi Tazara, kwa sababu malori ya bandarini, daladala na magari madogo yote yamo. Kabla ya kubadili chochote, tuandike kwa mwezi mmoja basi linatumia dakika ngapi, asubuhi na jioni, kila siku. Wastani pekee hautoshi. Tunataka pia siku mbaya, kwa sababu mtu anaamka kwa kuiogopa ile siku mbaya: safari ya dakika 25 ambayo mara moja kwa wiki inakuwa 70 inamlazimu aondoke mapema siku zote tano. Tuandike pia mtembea kwa miguu anasubiri muda gani kuvuka, na mara ngapi mkia umeziba makutano ya nyuma. Mwezi unaofuata, taa zimepangwa upya na askari yupo pembeni. Namba zote zibandikwe hadharani, hata zikinipinga.

Dereva wa Gongo la Mboto – Simu 2000

Hapo nakubali kwa masharti. Sola ziwekwe kwanza kabla ya huo mwezi wa pili. Anayeziba makutano apigwe faini hata akiwa na gari la serikali. Na madaftari ya dakika tuandike sisi madereva na makonda, kwa sababu sisi ndio tunaopita pale kutwa nzima.

Askari mstaafu

Na askari mmoja mwenye redio awekwe kila makutano, wawe wanaambiana mkia umefika wapi. Bila hilo, siungi mkono hata huo mwezi mmoja.